Niliionja Kahawa Yako, Dada

Dada yangu,

Barua ya mwanao Zaina ina siku ya nne leo mezani kwangu. Nimeisoma, nimeikunja, nimeiweka chini ya redio, nimeitoa tena. Asubuhi nilikaa kumjibu, nikaandika "Mwanangu Zaina, salamu nyingi," kisha nikainuka kwenda kufunga mlango wa banda la kuku, nikaukuta umefungwa. Nikarudi. Nikaandika salamu zilezile kwenye karatasi nyingine. Ilipofika adhuhuri nikakubali kwamba siwezi kusema na yeye kabla sijasema na wewe. Wewe hupo, na hata ulipokuwepo barua zangu ulisomewa na wengine, ukicheka kabla msomaji hajafika penye kuchekesha. Basi hii nayo wasome wengine. Sina cha kuwaficha.

Zaina ameuliza jambo moja tu: "Mjomba, tung'oe au tusing'oe?"

Anasema mikahawa yako, ile ya mteremkoni juu ya mto. Kaka yake Salumu amechoka nayo. Malori ya ndizi na mananasi yanapanda Matombo kila siku ya gulio, yanalipa na kuondoka, na mikahawa imekaa pale kama wageni wasioaga. Nusu ya majirani wamekwisha kung'oa. Wengine wamepanda pilipili manga na karafuu. Salumu ameshanoa shoka. Lakini mwaka huu amepita mtu kutoka mjini Morogoro, anatafuta kahawa ya kuuza kwa wachomaji wa nje, wale wanaotaka kahawa ya mlima mmoja isiyochanganywa na nyingine. Anataka tunda jekundu tupu, lililomenywa na kuoshwa. Amemwambia Zaina kwamba yeye halipi kwa mzani peke yake, analipa kwa kikombe: kahawa ikionjwa ikapendeza, bei inapanda, na jina la mlima linaandikwa kwenye mfuko. Atarudi baada ya wiki tatu kuchukua sampuli.

Pamoja na barua, Zaina amempa kondakta wa basi kifuko cha chumvi kilichojaa punje. Amechuma yale matunda machache yaliyowahi kuiva, akayaosha kwa kubahatisha. Ameandika hivi: "Mjomba, wewe umeishi kwa kuonja. Onja hii utuambie ukweli. Yule mnunuzi akija nataka niwe najua. Sitaki yeye ndiye awe wa kwanza kuniambia."

Hilo ndilo linaloniinua kitini kila nikikaa. Kwa sababu na wewe uliwahi kuniuliza, na nilikujibu.

Unajua desturi yetu ilivyo. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama, na mti wa kudumu haupandwi wala haung'olewi pale mpaka mjomba aseme. Wajomba wote wamekwisha. Nimebaki mimi, mzee wa Moshi, niliyeondoka nikiwa kijana na ambaye watoto wako wananijua kwa barua, likizo na misiba. Wao wananingoja mimi niseme, na shoka limeegemezwa ukutani.

Wewe ulingoja hivyohivyo kwa mjomba wetu Kobelo. Nakumbuka, maana nilikuwa nimeshika vijiti vya kupimia mashimo na mikono ilikuwa inaniuma. Mumeo ndiye aliyeleta mche wa kwanza kutoka kwa bwana shamba, akaomba aupande. Mjomba akasema, "Shemeji, wewe panda mahindi, panda maharage, ule na watoto. Mti wa kudumu unafunga ardhi. Kahawa apande mwenye ukoo." Shemeji akasema, "Basi apande yeye, mimi nitachimba." Akachimba kweli, Mungu amrehemu, mashimo yote, na hakuwahi kuita hata mti mmoja wake.

Ndiyo maana pale ghalani ulimtesa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Alikuwa na kitabu kikubwa na kalamu nyuma ya sikio.

"Jina la mwenye shamba?"

"Mwanahamisi binti Kibwana."

"Nauliza la mume, mama."

"Umeuliza la mwenye shamba."

"Kadi huwa tunaandika baba wa nyumba."

"Haya, kamlete baba wa nyumba akuonyeshe mpaka wa shamba ulipo. Mwambie akianza kutembea asisimame, maana haujui, atafika Kisaki."

Foleni nzima ilicheka, na shemeji alicheka kuliko wote, akiwa amebeba gunia lako begani. Karani akaandika jina lako. Kadi ile ninayo. Zaina alinipa siku ya arobaini yako, imeliwa na mende pembeni lakini jina linasomeka.

Najaribu kukumbuka kazi yako hatua kwa hatua, kwa sababu Zaina ananiuliza na nimegundua kwamba hakuna mwingine wa kumuuliza. Ulichuma tunda jekundu tu. Lenye kijani hata upande mmoja uliligusa ukaliacha, ukasema, "Huyu bado." Ulisema "huyu," kama unasema mtu. Ulimwaga matunda kwenye ndoo ya maji, yaliyoelea ukayatoa. Ulimenya siku hiyohiyo, kwa ile mashine ya mkono tuliyochangia nyumba nne, mimi nikizungusha na wewe ukimwagia maji. Punje zilitoka na utelezi wake, ukazivundika kwenye pipa la mbao na kuzifunika kwa majani ya mgomba ili ule utelezi uachie.

Hapo kwenye pipa ndipo ulipokuwa ujuzi wako. Bwana shamba alikutajia saa za kungoja. Ukamwambia saa za bondeni si saa za mlimani, huku kahawa inasikia baridi. Wewe ulikuwa na kijiti cha mpera, umekimenya gome kikawa cheupe. Ulikichomeka katikati ya pipa ukakichomoa polepole. Tundu likijifunika, bado. Tundu likibaki wazi kama shimo la kaa wa mtoni, tayari, na hapo hukungoja hata kula. Ulichukua konzi moja ukaisugua viganjani, ukanisogezea sikioni. "Sikiliza. Inalia kama changarawe." Kisha maji, na maji tena, na tena, mpaka maji yakatoka yalivyoingia. Kisha chanjani juani, wageuza na kuchambua, na mvua ikinusa tu ulikimbia nayo ndani kabla ya nguo.

Malipo ya chama yalikuja mara tatu kwa msimu: ya kwanza ulipopeleka, ya pili kahawa ilipouzwa, ya tatu kama kulikuwa na ziada. Malipo ya pili ya mwaka ule niliofaulu yaliniletea sanduku la bati, rangi ya bluu, lenye kufuli. Ulilibeba kichwani mpaka stendi ya Morogoro kwa sababu ulisema nikilibeba mimi nitafika shuleni nimechafua shati. Sanduku ninalo bado. Leo lina karatasi zangu na panya mmoja.

Shule ikanipeleka Moshi, na Moshi ikanipa kazi ambayo sikujua kama ipo duniani. Ulipoisikia ulicheka mpaka ukaketi chini. "Yaani unalipwa kunywa?" Nikakwambia hapana, tunavuta kwa kijiko, tunasikiliza mdomoni, tunatema. "Unalipwa kutema?" Ukaenda kumwita Bi Tatu wa nyumba ya pili aje asikie. Tangu siku hiyo Bi Tatu hakuniita jina tena, aliniita Mtemaji. Hata msibani kwako aliniita hivyo, akilia.

Sasa nafika mahali ambapo nimeinuka mara mbili tangu nianze kuandika.

Kulikuwa na likizo moja, chama kikiwa bado ndicho mnunuzi pekee, ambayo niliondoka kwako na konzi tatu za kahawa yako zikiwa kwenye leso. Sikukwambia. Nilitaka tu kujua. Kule kazini, siku ambayo meza ilikuwa na mabakuli machache, nilizikoboa, nikazichoma kwenye kichomeo cha sampuli bila ruhusa, nikazisaga na kuziweka kwenye bakuli la saba. Mabakuli hayakuwa na majina, yalikuwa na namba. Mkuu wetu alikuwa mtu wa Machame, Mzee Elia, ambaye hakunywa chai ya tangawizi wala kula pilipili ili asiuharibu ulimi. Alipita mezani kwa kelele zake, fyuu, anatema, fyuu, anatema. Alifika la nane akasimama. Akarudi la saba.

"Namba saba ni ya nani?"

Nikajifanya nasuuza kijiko.

"Nauliza tena. Huyu sijawahi kukutana naye."

Alisema "huyu," dada. Nikajibu mimi.

"Ya Morogoro, mzee."

"Morogoro ipi? Ya katani na miwa?"

"Ya mlimani. Uluguru."

Akavuta kijiko kingine, akafumba macho. "Ina chungwa ndani. Na mwisho wake mtamu, haukatiki." Akaandika daraja ambalo kwa miaka yangu yote pale nililiona mara chache sana. Halafu akanitazama, na nadhani alielewa. "Aliyeiosha anajua," akasema. "Ukienda kwenu mwambie."

Sikukwambia.

Sababu zangu nimezipanga mara nyingi, na kila nikizipanga zinazidi kuwa ndogo. Nilitumia kichomeo bila ruhusa, nikaogopa habari isirudi. Hiyo ni sababu ya mtoto. Ya kweli ni hii: kahawa yote ya kijiji ilimwagwa ghalani kwenye rundo moja, yako na ya Bi Tatu, na wote mlilipwa sawa. Ningekwambia neno la Mzee Elia, ungeniuliza, "Kwa nini basi nalipwa kama Tatu?" Na mimi niliyesomeshwa na kahawa hiyohiyo nisingekuwa na jibu. Sikutaka kusimama mbele yako bila jibu. Nikachagua usiwe na swali.

Kisha ikaja soko huria. Sitaki kuwa mzee anayesifu zamani kwa kuwa zamani alikuwa na meno. Vyama vyetu vilivunjwa, vikarudishwa, na viliporudi vilirudi na madeni. Malipo ya tatu yalikuwa yamegeuka hadithi ya kuwabembelezea watoto, na ya pili yalikuwa njiani kufuata. Watu waliposikia wanunuzi binafsi wameruhusiwa na wanalipa taslimu, walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Msimu ule wa kwanza nilikuwa nyumbani likizo. Lori lilisimama mbele ya duka, mzani ukatundikwa kwenye boriti ya baraza, na kijana mwenye miwani myeusi akafungua begi. Nilisimama nyuma yako kwenye foleni.

"Bei moja, kilo zote," akasema.

Ukafungua mdomo wa gunia. "Hii nimeichagua moja moja. Imeoshwa."

"Naiona, mama. Nzuri sana."

"Na hii ya Tatu imeanikwa chini, ina mbichi na mbivu, na kokoto za mtoni."

Bi Tatu hakukawia. "Kokoto zangu nazo nimezibeba kichwani, mwenzangu, zilipwe!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka. "Mama zangu, sisi hatubagui. Hili ni soko huria."

"Usiponibagua umeniibia," ukasema.

"Sijakuibia, nimekulipa. Au nikufungie gunia lako urudi nalo?"

Ukalitazama gunia. Bi Tatu akakushika kiuno, akakwambia kwa upole wake wa matani, "Umeiosha kama mtoto wa siku arobaini, Binti Kibwana, na sasa inapanda lori na ya kwangu. Acha wakawe mawifi huko Ulaya." Ukacheka, ukapokea pesa zako. Lakini mimi nilikuona mikono. Ulizikunja zile noti ndogo, ndogo zaidi, mpaka zikawa kama kitu cha kutupa.

Jioni tulipanda kwenda nyumbani, magunia matupu yako kichwani kwako. Pale penye jiwe la kupumzikia hukupumzika. Uliniuliza bila kugeuka.

"Wewe huko unaonja za watu. Ya kwangu ikoje?"

Ndiyo hapo, dada. Njia ilikuwa tupu, hakuna mkuu wa kazi wala karani wa kutusikia. Nilikuwa na neno la Mzee Elia limekaa mdomoni miaka.

"Zinafika zimechanganywa," nikasema. "Lakini za huku ni nzuri tu. Kama za wengine."

"Kama za wengine?"

"Kama za wengine."

Ukatembea hatua kadhaa. Nami nikaongeza, na hili nililisema kwa sauti ya mjomba wa watoto wako, si ya mdogo wako: "Acha kujitesa. Mgongo wako unauma, mikono imepasuka kwa maji. Chuma yote kwa mkupuo mmoja, anika, uza. Bei ni ileile."

"Haya," ukasema. "Umesema wewe."

Nilifikiri nimekuhurumia. Kwa muda mrefu niliamini hivyo. Mwaka uliofuata ulianika kahawa na maganda yake, na ule wa pili yake ukamwachia Salumu achume akipata nafasi. Mashine ya kumenya ililala nyuma ya nyumba, kuku wakatagia ndani, mpaka wanunuzi wa vyuma chakavu walipopita wakaipima nayo kwa kilo. Kila nilipokuja tulizungumza watoto, mvua, bei ya sabuni. Hukuniuliza tena habari za kahawa, na mimi nilishukuru kwamba huniulizi. Sijui kijiti kiliishia wapi. Nadhani kilichochea moto.

Ulipofariki nilifika siku ya tatu, udongo umekwisha kukauka juu yako. Zaina aliniambia kwamba kabla ya kuugua ulikuwa ukishuka mteremkoni peke yako, unachuma tunda moja jekundu, unalimenya kwa kidole, unalamba ule utamu, unatupa punje. Hukuwahi kunywa kikombe cha kahawa yako. Hatukuwa na mazoea hayo nyumbani, tulikunywa chai. Kila kitu cha ile kahawa ulikijua isipokuwa kile kilichonunuliwa.

Nimesoma mengi tangu nistaafu. Magazeti, ripoti, vitabu vya wataalamu waliokuja kutueleza sisi ni maskini kwa nini. Wengi wanaandika kuhusu mzani wa haki, na mzani una maana, nimeona mizani yenye jiwe chini ya sahani. Wengine wanaandika kuhusu madalali, na kweli wapo. Lakini nilifanya kazi miaka yangu yote kwenye chumba ambamo bei ilizaliwa, na naweza kusema ilizaliwa vipi: ilizaliwa mdomoni mwa mtu aliyevaa koti jeupe, ikaandikwa kwenye karatasi, na karatasi ile haikupanda mlimani hata mara moja. Mkulima alirudishiwa pesa bila neno. Ukimlipa mtu bila kumwambia umemlipia nini, hajui cha kuongeza wala cha kukataa. Chama kilifanya hivyo, na mwenye miwani myeusi akafanya hivyo. Mimi, mtoto wa ile pesa, niliyepewa neno nilibebe, nilifanya vibaya kuliko wao, kwa sababu wao hawakujua ladha yako. Mimi nilijua.

Sasa kifuko cha Zaina.

Punje zake nilizichoma juzi, kwenye sufuria, maana kichomeo cha sampuli sina tena. Nilitwanga kwenye kinu kidogo, nikachota kwenye bakuli na kumwagia maji yaliyochemka, nikangoja. Nilipovunja utando wa juu harufu ilinipiga, nikajua kabla ya kijiko. Imepitiliza. Amevundika mno, siku nzima zaidi pengine, hakuwa na kijiti wala wa kumwambia asikie changarawe. Mdomoni ilikuwa chachu, ile chachu ya tunda lililosahauliwa kwenye kapu. Kahawa ya namna hiyo mnunuzi wa kikombe hataivuta mara mbili. Ataitema, atasema ahsante, ataondoka. Na Salumu atainua shoka.

Nikaliacha bakuli mezani nikaenda kutembea mpaka barabara kuu na kurudi. Nilipofika ilikuwa imepoa. Nikavuta tena, kwa ukaidi tu. Na huko chini, chini kabisa ya ile chachu, ikaja. Chungwa. Dogo, la mbali, lakini lilelile. Mikahawa yako haijasahau kitu.

Hapo ndipo taabu yangu ya siku nne ilipo. Nilijua cha kumwandikia Zaina tangu juzi. Ninachopigana nacho ni kwamba nilitaka kumdanganya tena. Nimwandikie, "Mwanangu, ni nzuri, msing'oe," ili miti ibaki. Karatasi ya kwanza kabisa, ya jana, niliandika hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri. Nikaisoma kwa sauti, nikasikia "kama za wengine." Sauti ileile, ya mjomba mwenye huruma. Nikaichana.

Karatasi ya mwisho, ambayo nimeiandika sasa hivi nikiwa nimeisogeza hii pembeni, inasema hivi. Nakuandikia uisikie, kwa sababu nusu yake ni yako.

"Zaina, kahawa uliyoleta haifai. Umeichelewesha kwenye pipa, imechacha, mnunuzi ataikataa na atakuwa na haki. Chini ya kosa hilo kuna kahawa nzuri kuliko nyingi nilizoonja maishani, na nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuionja mama yako alipoiosha yeye. Mama yako sikumwambia. Wewe nakwambia yote mawili. Usimpe yule mtu sampuli hii. Mwambie angoje matunda yakolee. Alhamisi napanda basi la Morogoro, Ijumaa nitatafuta gari la kupanda Matombo. Nakuja na mashine ya kumenya ya mkono, kuukuu lakini meno yake mazima, nimeinunua kwa jirani yangu Mchaga aliyeng'oa yake apande migomba, maana hata huku wanang'oa. Nakuja na mabakuli na vijiko viwili. Tafuta pipa, na ukate kijiti kimoja cha mpera kilichonyooka. Nitakufundisha kuosha kama alivyoosha yeye, na nitakufundisha kuonja kama nilivyofundishwa mimi. Utavuta, utatema, utajua. Kuhusu shoka: neno la mjomba ni kwamba asing'oe mtu wala asipande mtu mpaka wewe umeonja kikombe chako mwenyewe. Ukishaonja, amua wewe. Ukiona haikulipi hata hivyo, ng'oeni, nami nitashika mpini pamoja na Salumu. Mama yako alipanda yeye. Mjomba hakupanda hata mti mmoja."

Salumu atanung'unika. Bi Tatu, kama miguu inamruhusu, atakuja barazani kuniita Mtemaji mbele ya wajukuu. Sina hakika kwamba wiki tatu zitatosha, wala kwamba bei ya yule mnunuzi itakuwa kama maneno yake. Nimewaona wanunuzi wengi wenye maneno matamu. Lakini safari hii akitaja bei, mbele yake atakuwa amekaa mwanamke aliyekwisha kuionja kahawa yake kabla yake, na anayejua ina nini ndani.

Siandiki hapa unisamehe. Ungenicheka, ungeniambia niingie ndani nile kwanza. Naandika kwa sababu nilitumwa neno nikalikalia, na aliyenituma naye amekwisha kufa, na sitaki lipotelee kwangu.

Bakuli la saba lilikuwa lako, dada. Lilikuwa na chungwa ndani, na mwisho mtamu usiokatika. Mkuu wa waonjaji aliuliza ni la nani, na aliposikia lilikotoka alisema, "Aliyeiosha anajua." Akasema nikwambie.

Nimekwambia.

Mdogo wako,
yule uliyembebea sanduku